Picha za mfano za kamera mpya: zinasema nini, na zinaficha nini

Kamera mpya ikitangazwa asubuhi, kufikia jioni picha zake za mfano zimeshasambaa na ubishi umeshapamba moto. Huyu anasifu rangi, yule analalamika chenga (vidoti vinavyotawanyika pichani) zimezidi, wa tatu anaapa kuwa kamera yake ya miaka mitano iliyopita inapiga vizuri zaidi. Wote wanatazama picha zilezile. Kwa mnunuzi wa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu mara nyingi picha hizo ndizo kitu pekee anachokipata kabla ya kutoa fedha. Kariakoo jijini Dar es Salaam au mtaa wa Luthuli jijini Nairobi utaonyeshwa boksi, pengine utaruhusiwa kuishika kamera na kubonyeza mara mbili tatu ukiwa umesimama mbele ya kaunta. Ukiagiza kwa ndugu aliyeko Dubai, hata hilo hulipati.

Ninachoshikilia mimi ni kwamba picha nzuri ya mfano haikuambii karibu chochote kuhusu kamera. Inayokuambia ni picha ngumu: ile iliyopigwa mwanga umekwisha, jua liko nyuma ya mtu, uso uko kivulini na kanzu iko juani. Kwa bahati mbaya picha za namna hiyo hazivutii, kwa hiyo watu huzipita haraka kwenda kutazama machweo na vipepeo.

Sababu yake utaiona ukifuata njia ya mwanga ndani ya kamera. Mwanga hupita kwanza kwenye lenzi, kisha hukifikia kihisi, kile kipande kinachoupokea na kuupima. Kihisi chenyewe hakioni rangi. Kila pikseli, yaani kila nukta yake, hupima wingi wa mwanga tu. Ili rangi ipatikane, juu ya kila pikseli huwekwa kichujio kidogo sana cha rangi moja. Mpangilio unaotumiwa na kamera nyingi hadi leo ni ule ambao Bryce Bayer, mtafiti wa Kodak, aliupatia hataza mwaka 1976: nusu ya pikseli ni za kijani, robo nyekundu, robo bluu. Maana yake kamera ya megapikseli 24 ina pikseli milioni 12 zinazopokea kijani, milioni 6 zinazopokea nyekundu na milioni 6 zinazopokea bluu. Rangi mbili zinazokosekana katika kila pikseli hukisiwa na prosesa, kompyuta ndogo iliyo ndani ya kamera, kwa kuangalia pikseli za jirani. Kwa hesabu hiyo, theluthi mbili ya takwimu za rangi katika picha yoyote ya kawaida hazikupimwa na mtu wala kitu; zimekadiriwa.

Kazi ya prosesa haiishii hapo. Inapanga mizani ya weupe ili cheupe kitoke cheupe chini ya taa yoyote, inaongeza ukali, inafuta chenga, inanyoosha mistari iliyopindwa na lenzi, inang'arisha rangi kwa ladha ya kampuni, kisha inabana kila kitu kuwa JPEG, faili ya kawaida ya picha, yenye ngazi 256 kwa kila rangi. Faili ghafi ya biti 14 iliyoanzia hapo, yaani vipimo vya kihisi kabla prosesa haijavipika, ilikuwa na ngazi 16,384. Kukihukumu kihisi kwa JPEG ni sawa na kuonja pilau ukataka kujua ubora wa sufuria: sufuria imechangia, lakini mpishi, viungo na moto vyote vimeshatia mkono.

Kwa hiyo swali la kwanza ni nani aliyeitoa picha, na faili uliyonayo imepitia wapi. Mwaka 2016 Huawei waliweka kwenye mtandao wa Google+ picha ya kupendeza ya mwanamke kwenye mwanga wa jua, pamoja na maneno yaliyomfanya msomaji aamini kwamba imepigwa kwa simu yao ya P9. Watu walifungua taarifa za EXIF, yaani maelezo ambayo kamera huyaandika ndani ya faili yenyewe, wakakuta jina la Canon EOS 5D Mark III, kamera kubwa ya wapigapicha wa kazi. Kampuni ikaomba radhi na kubadilisha maelezo. Jambo lililowaumbua ni mstari mmoja wa maandishi ambao mtu yeyote angeweza kuusoma.

Zoea, basi, kuanza na EXIF kabla hujaitazama picha yenyewe. Humo utakuta aina ya lenzi, upenyo (upana wa tundu la lenzi; namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo), kasi ya shata (muda wa kupokea mwanga), ISO (kiwango cha kuikuza ishara ya kihisi), na mara nyingi jina la programu iliyoigusa faili baada ya kutoka kwenye kamera. Ukikuta f/8, 1/500 ya sekunde, ISO 100, mchana wa jua, hata usijisumbue. Katika hali hiyo kamera yoyote ya heshima ya miaka 10 iliyopita ingetoa picha safi, na tofauti kati yake na mpya utaitafuta kwa tochi. Ukikuta jina la programu ya kuhariri, jua unatazama kazi ya mhariri. Na ukikuta EXIF haimo kabisa, huenda faili imetoka WhatsApp au mtandao mwingine unaobana picha na kufuta maelezo yake. Faili kama hiyo haifai kuhukumia chochote zaidi ya mpangilio wa watu waliosimama.

Angalia pia kama kamera iliyotumika ilikuwa ya majaribio. Waandishi wengi huruhusiwa kupiga picha kwa kamera ambazo programu yake ya ndani haijakamilika, na kwa kawaida hulisema wazi. Rangi na chenga za JPEG zinaweza kubadilika kabla kamera haijafika dukani, kwa hiyo picha hizo zichukue kama tetesi.

Ukishapata faili halisi, ifungue kwa ukubwa wake kamili. Hapa wengi hujidanganya kwa namna ambayo ni ya kihesabu kabisa. Skrini ya kawaida ya kompyuta, 1920 kwa 1080, inaonyesha takriban pikseli milioni 2. Ukiifungua picha ya megapikseli 24 kwa asilimia 100, unaona kipande kimoja kati ya kumi na viwili. Ukifungua ya megapikseli 45 kwa asilimia hiyohiyo, unaona kipande kimoja kati ya ishirini na zaidi; yaani umeikuza zaidi, na kila kasoro imekuzwa pamoja nayo. Ndiyo maana watu husema kamera yenye megapikseli nyingi "ina chenga zaidi", kumbe wanalinganisha picha mbili zilizokuzwa kwa viwango tofauti. Zipunguze zilingane ukubwa kwanza, halafu ulinganishe. Na kabla ya kulipia megapikseli 45, kumbuka kwamba karatasi ya A3 ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli 4961 kwa 3508, ambazo ni chini ya megapikseli 18.

Sasa tuje kwenye chenga, maana hapa ndipo kihisi kinaposema kwa sauti yake. Mwanga hufika kwa chembechembe, na chembe hizo hazifiki kwa utaratibu uliopangwa. Pikseli iliyopokea chembe 10,000 huzidi au hupungua kwa bahati kwa takriban 100, sawa na asilimia 1, na jicho halioni kitu. Pikseli iliyopokea chembe 100 huzidi au hupungua kwa 10, sawa na asilimia 10, na hapo chenga zinaonekana. Asili ya chenga nyingi unazoziona, basi, ni uchache wa mwanga, wala si ubovu wa mtambo. Hii ndiyo sababu ukubwa wa kihisi una maana: kihisi kamili (full frame) cha milimita 36 kwa 24 kina eneo la milimita za mraba 864, na kile kinachoitwa cha inchi moja, cha milimita 13.2 kwa 8.8, kina takriban 116. Kwa upenyo uleule na muda uleule, kikubwa kinakusanya mwanga zaidi ya mara saba, na hakuna prosesa itakayofidia pengo hilo lote.

Prosesa inachoweza kufanya ni kuficha. Chukua picha ya bibi harusi iliyopigwa ukumbini kwa ISO 6400 na uikuze usoni. Tazama pale nywele zinapoanzia, kwenye paji la uso, vile vinywele laini kando ya masikio. Tazama nyusi: je, unaona unywele mmoja mmoja, au kuna mchirizi wa wino? Tazama shavu: ngozi ya binadamu ina vitundu na mng'ao usio sawasawa, na kamera inayofuta chenga kwa pupa huigeuza kuwa nta. Kisha shuka kwenye hina mikononi. Maua ya hina yana mistari myembamba na rangi yake haitofautiani sana na ngozi ya kahawia, na hicho ndicho kitu cha kwanza kumezwa na ufutaji wa chenga, kwa sababu programu haiwezi kutofautisha mstari mwembamba hafifu na chenga. Picha inayoonekana laini bila chenga hata moja kwa ISO 6400 nisingeisifu haraka. Chenga ndogondogo za mwanga mweusi na mweupe hazina ubaya. Zikichapwa karatasini karibu zinapotea. Zinazochukiza ni mabaka ya zambarau na kijani kwenye vivuli, hasa kwenye suti nyeusi na kwenye nywele.

Upana wa mwanga ambao kamera inaweza kuubeba unaonekana pale mwangaza na giza vinapokutana katika picha moja. Mji Mkongwe wa Zanzibar saa sita mchana ni mtihani kamili: ukuta wa chokaa unaopigwa na jua, na chini yake mlango wa nakshi ulio kivulini. Sehemu iliyoungua imepotea, haina taarifa yoyote ya kurudishwa. Sehemu ya giza bado inaweza kuinuliwa, hasa kwenye faili ghafi. Mimi hutazama zaidi ukingo wa sehemu iliyoungua. Kamera nzuri hufifia polepole hadi kufikia weupe. Nyingine hukatika ghafla, na anga karibu na jua hubadilika rangi na kuwa na utepe wa kijani au wa manjano ambao machoni haukuwapo.

Hapo hapo kuna suala ambalo wapigapicha wetu wanapaswa kulidai kwa sauti kubwa kuliko wanavyofanya sasa: ngozi nyeusi. Kwa miongo kadhaa, kuanzia miaka ya 1950, Kodak ilizipelekea maabara za kusafishia picha kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe, maarufu kwa jina la Shirley, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha rangi sahihi. Kamera za dijitali zilirithi mazoea ya namna hiyo. Kipimamwanga cha kamera nacho hudhani kwamba kilicho mbele yake, kwa wastani, ni kijivu kinachoakisi takriban asilimia 18 ya mwanga. Jaza fremu kwa buibui jeusi, kamera itaongeza mwanga na buibui litakuwa la kijivu. Ijaze kwa kanzu nyeupe, itapunguza mwanga na kanzu itaonekana chafu. Kamera za sasa zinazotambua nyuso hujirekebisha, lakini si zote kwa uzuri uleule. Google walilikiri tatizo hili waziwazi walipoitoa simu ya Pixel 6 mwaka 2021 pamoja na mfumo waliouita Real Tone, uliokusudiwa kuonyesha ngozi za rangi zote kwa usahihi zaidi.

Kwa hiyo picha ya mfano yenye mtu mweupe mtaani London wakati wa mawingu inakusaidia kidogo sana kama kazi yako ni harusi za Tanga au mahafali ya Kisumu. Tafuta picha ya mtu mweusi, na itazame sehemu tatu. Kwanza pale mwanga unapogonga paji la uso na ncha ya pua: je, mng'ao bado una rangi ya ngozi, au umegeuka doa jeupe lililokufa? Pili, upande wa uso ulio kivulini: je, kuna joto la kahawia, au umekuwa wa kijivu kama majivu? Tatu, kama mtu amekaa chini ya mwembe, je, kijani cha majani kimemrudia usoni hadi aonekane mgonjwa? Hilo la tatu ni suala la mizani ya weupe na hurekebishika kwenye faili ghafi. Lakini kama unawapa wateja picha papo hapo ukumbini, zikitoka moja kwa moja kwenye printa, hutapata muda wa kurekebisha, na JPEG ya kamera ndiyo kazi yako.

Kuna nyakati picha za kwanza zimefichua kasoro ambazo kampuni yenyewe haikuzitangaza. Leica M8 ilipotoka mwaka 2006, wapigapicha waligundua kwamba nguo nyeusi za nyuzi za kutengeneza zinatoka zambarau. Kichujio cha kuzuia infraredi, miali ambayo jicho halioni, kilichofunika kihisi chake kilikuwa chembamba mno. Lenzi za Leica hukaa karibu sana na kihisi, na kichujio kinene kingeharibu pembe za picha. Vitambaa vingi vya namna hiyo huakisi infraredi kwa wingi ingawa jicho linaviona vyeusi tii. Fikiria ukumbi mzima wa mabuibui ya poliesta yaliyogeuka zambarau! Leica ikawapa wateja vichujio viwili bure vya kufunga mbele ya lenzi. Canon EOS 5D Mark II, iliyotangazwa Septemba 2008, ilionyesha kidoti cheusi upande wa kulia wa kila taa kwenye picha za usiku; programu mpya ya ndani iliyotolewa Januari 2009 ikalimaliza tatizo. Fujifilm X10 ya mwaka 2011 iligeuza taa na ming'ao kuwa duara nyeupe zenye ukingo mkali, na kampuni ikaishia kubadilisha vihisi. Kasoro zote tatu hazionekani kwenye picha ya ua bustanini. Zilihitaji nguo nyeusi, taa za usiku, mng'ao wa bati la gari.

Siku hizi kasoro ninayoitafuta kwanza ni mistari ya taa za LED. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na kila mzunguko una vilele viwili, kwa hiyo taa za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Shata ya elektroniki katika kamera nyingi haisomi kihisi chote kwa mpigo. Inasoma safu kwa safu kutoka juu hadi chini. Taa ikipepesa wakati usomaji unaendelea, picha inapata mikanda ya giza na mwanga, na ukuta wa skrini ya LED nyuma ya maharusi unakuwa na milia kama ya pundamilia. Kamera zenye vihisi vinavyosomwa haraka, kama Sony A9 ya mwaka 2017, zilipunguza tatizo hili sana, na A9 III iliyotangazwa Novemba 2023 inasoma pikseli zote kwa wakati mmoja. Ni mashine za gharama kubwa. Katika picha za mfano tafuta zilizopigwa ndani ya ukumbi kwa kasi ya 1/250 au zaidi kwa shata ya elektroniki. Picha ya ukumbini iliyopigwa kwa 1/50 haitakuonyesha kitu, maana kasi hiyo inameza mpepeso wote.

Lenzi nitaipitia kwa haraka. Picha nyingi za mfano hupigwa kwa lenzi ghali, pengine yenye bei kuliko kamera yenyewe, na wewe utaipata kamera na lenzi ya kawaida inayokuja ndani ya boksi. Ukali wa katikati hausemi kitu. Nenda kwenye pembe nne, kwa upenyo mpana. Upande mmoja ukiwa na ukungu kuliko mwingine, mara nyingi hiyo ni lenzi iliyofungwa vibaya kiwandani, wala si kosa la kamera.

Njia ya kuaminika zaidi ni kupakua faili ghafi za kamera mbili unazozifikiria, zilizopiga kitu kilekile chini ya taa zilezile, na kuzifungua zote kwa programu moja. Tovuti ya DPReview, aliyoianzisha Phil Askey mwaka 1998, imejenga hazina kubwa ya picha za namna hiyo za studio, na ilinusurika kufungwa mwaka 2023 ilipopata mmiliki mpya. Darktable na RawTherapee ni programu za bure na zinafanya kazi hiyo vizuri, ingawa kamera ikiwa mpya kabisa huenda ukasubiri kidogo hadi ziitambue. Weka ufutaji wa chenga kwenye sifuri kwa zote mbili, inua vivuli kwa kiwango sawa, zipunguze zilingane, ndipo utazame. Tofauti zilizokuwa kubwa kwenye JPEG mara nyingi hupungua sana hapo, na nyingine hutoweka.

Bado kuna mambo ambayo picha haiwezi kuyasema hata ukiisoma kwa umakini wote. Fokasi, yaani uwezo wa kamera kumlenga mtu hadi atoke mkali, ni mojawapo. Picha moja kali ya mtoto anayekimbia haikuambii ni ngapi zilizoharibika kabla yake. Mwandishi anayetoa mfululizo mzima, zilizoharibika zikiwemo, amekusaidia zaidi kuliko aliyechagua moja. Jingine ni yanayojitokeza baada ya matumizi. Nikon D600, ya Septemba 2012, ilitoa picha za mfano zilizostahili sifa zote zilizopewa. Kadiri shata ilivyoendelea kufanya kazi, vidoa vilijikusanya kwenye kihisi, vikaonekana angani kila mpigapicha alipofunga upenyo hadi f/16. Februari 2013 kampuni ilitoa tangazo la huduma kwa wateja, na Oktoba mwaka huohuo D610 ikaingia sokoni ikiwa na shata mpya. Aliyeinunua D600 wiki ya kwanza hakuwa na picha yoyote duniani ambayo ingemwonyesha vidoa hivyo. Aliyesubiri miezi mitano aliweza kuviona kwenye picha za waliomtangulia.